Sehemu ya Mwajiri

Nilipomwambia mama kwamba kuna mtu wa Garbatulla anayetaka kuleta posa nyumbani, hakuuliza ukoo wake wala kazi yake. Aliweka chini kijiko cha chai, akaniangalia, akauliza, "Na pensheni?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Siku hizo nilikuwa nacheka kwa kila kitu. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, nimeshazoea kuitwa shangazi na watoto wa mtaa mzima, kisha daktari mmoja wa mifugo akaja kazini kwetu kuuliza habari za maziwa. Akaishia kuuliza habari zangu, na tangu hapo akili zikanihama. Nilikuwa napima maziwa ya ngamia huku naimba. Kuna mchana nilimpigia simu kumwambia nimekula nini, halafu nikakumbuka ni Ramadhani na sijala kitu.

Lakini mama hakuwa anafanya mzaha. Babu wa baba yangu, Msomali, aliletwa Isiolo akiwa askari wa serikali ya kikoloni, na watoto wake wakageukia malori. Baba aliendesha malori ya watu kati ya Isiolo na Moyale tangu barabara ni vumbi tupu. Siku alipoacha usukani, mgongo umekwisha, tajiri wake alimpa chupa ya chai, blanketi na dua. Dua ilikuwa ndefu na nzuri. Kesho yake mama alifungua kibanda chake cha chai na sambusa karibu na soko la mifugo, na hajakifunga mpaka leo. Kwa hivyo nilipopata kazi yenye pensheni, mama aliitangaza kibandani kana kwamba ni mimi nimezaliwa upya. Wachuuzi wa mbuzi waliokuwa hawajui jina langu walijua kwamba nina pensheni.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye kiwanda kidogo cha kupoza maziwa ya ngamia, pembeni mwa mji. Maziwa yalifika asubuhi kwa mitungi ya njano kutoka Kinna, Garbatulla na hata mbali huko Biliqo, yamefungwa kamba juu ya malori. Mimi niliyanusa, nikayapima kwa laktomita na kuyakataa yaliyotiwa maji. Ni kazi inayomfaa mtu mwenye hasira za karibu, na mimi wa hasira za karibu nipo. Nimewahi kumfukuza dereva mpaka langoni na mtungi wake.

Baada ya miezi mitatu ya majaribio nilithibitishwa, na mhasibu wetu akaniita kujaza fomu za skimu ya pensheni. Mhasibu huyo alikuwa Mmeru, Mkristo, mtu mpole wa kunyoosha kila karatasi kwa kiganja kabla ya kuisoma. Alinieleza taratibu. Kila mwezi nitakatwa kidogo kwenye mshahara, na kampuni itaongeza kiasi kile kile kutoka mfukoni mwake. Sehemu yangu ni yangu tangu siku inayokatwa. Sehemu ya mwajiri itaandikwa kwa jina langu, lakini itakuwa bado haijakomaa. Itakomaa nikitimiza mwaka mmoja ndani ya skimu, na hapo itakuwa yangu kabisa, hata nikiondoka. Nikiondoka kabla ya mwaka, inarudi ilikotoka.

Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Ukweli ni kwamba nilisaini kwa sababu kalamu yake ilikuwa inateleza vizuri.

Aliyenifanya nielewe ni mama wa Kiborana tuliyekuwa naye kwenye mizani, mwanamke wa makamo aliyepima mitungi na maneno yangu kwa pamoja. Nilimsomea fomu, akasema hayo ni mambo ya ng'ombe, watu wa ofisi wameyaiga tu. Kwao mtoto akizaliwa hupewa mnyama wake, na huyo na uzao wake wote ni wa mtoto, hakuna wa kumgusa. Halafu kuna dabare, ng'ombe wa kuazimwa: mwenye mali anakupa umkamue ulishe watoto, lakini ng'ombe si wako, na siku yoyote anaweza kuja kumchukua.

"Ile yako ni ya kuzaliwa," akasema. "Ile ya kampuni ni dabare. Sasa hawa wanasema ukikaa na dabare mwaka moja, inageuka inakuwa yako. Mimi sijawahi kuona tajiri kama huyo. Wewe kaa tu hapo."

Nikakaa. Kumbuka tu jambo moja: nilisaini fomu ile siku ofisi ilipofunguliwa baada ya Idd.

Basi daktari wa mifugo akatokea, posa ikaja, wazee wakanywa chai na kukubaliana. Arusi ikapangwa Idd tatu, siku ya tatu ya sikukuu, kwa sababu kwetu karibu kila mtu huoa baada ya Ramadhani, na ningehamia Garbatulla kesho yake. Mama alikubali kila kitu kwa sharti moja, kwamba nisitoke kazini kabla ile sehemu ya mwajiri haijawa yangu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Niliingia kwenye skimu baada ya Idd, natoka Idd nyingine ikiingia. Idd hadi Idd ni mwaka. Mama akahesabu kwa vidole, akasema ndiyo, ni mwaka. Baba akaamka kwenye mkeka, akahesabu pia, akasema ni mwaka. Yule mama wa mizani naye akasema ni mwaka. Watu wazima wanne, na hakuna hata mmoja aliyeinua macho kwenye kalenda ya duka la dawa za mifugo iliyoning'inia ukutani.

Ramadhani ilipoanza nikaandika barua ya kujiuzulu, notisi ya mwezi mmoja. Niliandika nikiwa na raha ya kipumbavu, na kwa raha hiyo sikuweka tarehe. Niliandika kwamba siku yangu ya mwisho kazini itakuwa siku ya mwisho ya mwezi mtukufu wa Ramadhani. Niliona ni maneno mazuri. Meneja alisoma, akanipa mkono, akaituma Nairobi kwa wakubwa. Nairobi wakaikubali, wakaipiga muhuri, na wakaajiri msichana wa Kinna achukue nafasi yangu asubuhi ya kwanza baada ya Idd.

Siku kumi za mwisho za mwezi ndipo mhasibu aliponiita. Alikuwa amenyoosha karatasi moja mara nyingi mpaka imelegea.

"Dada, hapa kuna shida," akasema. "Mwaka haijaisha."

Nikamwambia umeisha, Idd hadi Idd. Nilisema kwa ukali kidogo, maana swaumu ilikuwa imenikaa vibaya na nilidhani anataka kunidhulumu. Hakubishana. Alinigeuzia kalenda, akaweka kidole kwenye tarehe ya Idd ya mwaka uliopita, kisha kwenye tarehe ya Idd inayokuja. Nikaziangalia. Ramadhani hutembea, kila mtoto wa Kiislamu anajua; inarudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka, ndiyo maana tunafunga mara kwenye jua kali mara kwenye mvua. Nimelijua hilo tangu utotoni. Sikuwahi kufikiri kwamba lingenifuata mpaka kwenye skimu ya pensheni.

Nilianza kucheka. Mhasibu akanitazama kwa huruma, akidhani nimepagawa, kisha naye akaanza. Tulicheka hadi meneja akafungua mlango kuangalia nani ameingia. Kicheko kilipokwisha nikamkumbuka mama na sharti lake.

Yule Mmeru hakuwa mtu wa kukata tamaa. Alipiga simu Nairobi kuomba barua ibadilishwe. Wakamjibu kwamba barua iliyosainiwa pande mbili haiguswi, na mtu mwingine ameshaajiriwa. Akauliza, basi siku ya mwisho ya Ramadhani ni tarehe ngapi? Wakasema hiyo waulizwe Waislamu wenyewe. Akaomba angalau siku zangu za likizo ambazo sijachukua ziwekwe baada ya siku hiyo ya mwisho, nihesabike bado mfanyakazi mpaka ziishe. Hilo wakakubali, kwa kuwa ni haki yangu. Nilikuwa nimebakiwa na siku tisa, kwa sababu nyingine nilizimaliza wakati barabara ya Biliqo ilipokatika nikakwama huko kwa mafuriko nikila nyama ya mbuzi na kulala.

Akaandika hesabu. Kama mwezi wa Ramadhani ungekuwa wa siku ishirini na tisa, nilihitaji siku kumi na mbili zaidi ili mwaka utimie. Likizo tisa. Jumapili moja katikati, kumi. Idd yenyewe, ambayo ni sikukuu ya serikali na haihesabiwi kwenye likizo, kumi na moja. Tukahesabu tena kutoka mwisho kwenda mwanzo, kana kwamba namba zingetuonea haya. Bado ilikuwa siku moja.

"Mwezi wenu ni ishirini na tisa ama thelathini?" akauliza.

Nikamwambia hakuna anayejua. Jioni ya siku ya ishirini na tisa watu hutoka kutazama. Mwezi ukiandama, kesho ni Idd. Usipoonekana, tunafunga moja zaidi.

Akafikiri. "Kwa hivyo ikikosa kuonekana, wewe unakuja kazi siku moja zaidi, na sehemu ya mwajiri inakomaa."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa Mwislamu pekee Isiolo nzima aliyekuwa akiomba mwezi usionekane. Hata kuomba kwenyewe niliomba kwa aibu, nikijificha ndani ya dua nyingine. Na shida ni kwamba nilikuwa nautaka pia. Mwezi ukionekana, Idd ingeingia mapema, na Idd tatu ingekuja mapema, na mimi ningekuwa Garbatulla siku moja mapema zaidi na yule mtu ambaye sauti yake kwenye simu ilikuwa inanifanya nisahau laktomita ndani ya mtungi. Nilimweleza yote. Alicheka kwa muda mrefu, akasema hilo ni rahisi: yeye ataomba anipate, mimi niombe pensheni, tuone nani anasikizwa. Mhasibu naye siku moja alinifunulia, akiangalia pembeni, kwamba kanisani Jumatano aliomba ndugu wamsaidie kuomba mawingu. Wenzake walidhani ni kwa ajili ya shamba lake la maharagwe. Waliomba kwa nguvu.

Mama nilimwambia kibandani kabla ya futari, wateja wakiwa wachache. Nilitegemea kelele. Alikung'uta unga mikononi, akauliza kama mimi nina uhakika na hiyo hesabu ya Mmeru. Nikasema ninao. Akauliza kama basi yote yanategemea mwezi. Nikasema ndiyo.

"Mimi sitaki siku moja uzeeke unauza sambusa na magoti yanauma," akasema. "Hiyo tu ndiyo nilikuwa nataka." Kisha akageuza sambusa zilizokuwa zinaungua.

Jioni ya ishirini na tisa mawingu yalikuwepo. Mazito, ya mvua ya masika, yamejaza magharibi yote. Sikumbuki kufurahia mawingu namna ile maishani mwangu. Tulifuturu kwa tende na uji nyuma ya kibanda, mama na mimi na madereva wawili wa malori, wateja wake wa miaka mingi. Watu walikuwa wamesimama kwenye uwanja wazi, wengine juu ya malori, shingo zimenyooshwa. Dereva mmoja akasema leo hakuna kitu, afadhali tukaswali. Mama alikuwa ameketi kwenye kreti ya soda akitazama upande uleule, ingawa macho yake hayaoni mbali; nilijua hatafuti mwezi, anayalinda mawingu. Nikampa kikombe. Nilikuwa nataka kucheka na kulia kwa wakati mmoja, ndivyo nilivyokuwa mwezi ule wote.

Nikainua macho mara moja tu, bila kukusudia, na nikauona.

Mawingu yalikuwa yamepasuka kidogo juu ya mgunga ulio nyuma ya boma la mnada. Katika ule ufa palikuwa na kitu chembamba kama ukucha uliokatwa. Madereva walikuwa wamegeuka kwenda kutawadha. Mama alikuwa anakunywa uji. Uwanja mzima ulikuwa unatazama kusini zaidi, mahali ambapo mtu mmoja alikuwa ameonyesha kwa ubishi tangu mwanzo. Nilijua kwamba nikinyamaza nusu dakika tu, mawingu yatafunga, na kesho nitavaa koti langu jeupe niende nikanuse maziwa, na sehemu ya mwajiri itakuwa yangu. Hakuna mtu angejua. Mimi si mtu wa ibada nyingi, nasema kweli. Nilikuwa naomba kinyume na mji mzima bila kukosa usingizi. Lakini kuomba usionekane ni kitu kimoja, na kuuona nikaficha ni kingine. Niliona mji mzima ukiamka kesho alfajiri kufunga siku ya Idd kwa sababu ya pensheni yangu, na wazo hilo lilinikasirisha kwa namna ambayo hata maziwa ya maji hayajawahi.

"Pale," nikasema. Nikanyoosha mkono. "Juu ya mgunga."

Madereva wakageuka. Wa kwanza akauona, wa pili akauona, wakaanza kukimbia kuelekea msikitini na maji ya kutawadha yakidondoka mikononi. Takbira ikaanza juu ya lori moja, ikaruka kwenye jingine. Halafu mawingu yakafunga.

Mama aliniangalia. "Ni wewe umeonyesha," akasema. Halikuwa swali.

Nikasema ni mimi, hooyo, mama yangu, nisamehe. Aliniambia nisimwombe yeye msamaha, na akamalizia uji wake. Dakika hiyo hiyo simu yangu ikalia. Alikuwa daktari, anapiga kelele kwa furaha: Garbatulla mbingu ilikuwa safi, umati mzima umeuona, shekhe ameshatangaza, kesho Idd. Kwa hivyo ningenyamaza au nisingenyamaza, ingekuwa ni kitu kimoja. Nilimwambia hivyo, nikaanza kucheka, na safari hii mama naye akacheka, akishika mbavu juu ya kreti, hadi watu wakaja kuuliza tuna nini.

Siku ya Idd mhasibu alikuja nyumbani na fomu ya kuondoka, amevaa koti la kanisani. Mama alimwekea sahani ya pilau yenye mlima wa nyama kwa ajili ya yale mawingu. Alipomaliza kula alinawa, akanyoosha fomu kwenye meza. Sehemu ya mwajiri ilikuwa na mstari umepigwa juu yake. Sikuumia kama nilivyodhani. Niliumia, lakini ndani yangu kulikuwa na arusi. Chini yake palikuwa na swali la sehemu yangu: niichukue sasa au ibaki kwenye skimu mpaka nifike umri wa kustaafu. Nilikuwa nimepanga kuichukua ninunue vyombo. Nikashika kalamu, ile ile inayoteleza.

Mama akamuuliza, "Hii ya kwake, hao watu wanaweza kuichukua?"

"Hapana, mama. Hiyo ni yake toka siku ya kwanza. Hata wangemfukuza, ni yake."

Mama akamwambia aseme tena. Akasema tena, polepole, kama alivyokuwa amenieleza mimi wakati sisikilizi. Nikaweka alama kwenye kisanduku cha kuiacha ibaki. Mama akainuka, akaingia chumbani, akatoka na kile kitambaa chake alichofunga pesa za sambusa, akakaa mbele ya mhasibu kama mteja wa benki.

"Na mtu kama mimi anaingia?" akauliza. "Sina tajiri."

Mhasibu alitazama kitambaa, akanitazama mimi. Akasema kuna mipango ya watu binafsi, ya wafanyabiashara wadogo, mtu anaweka hata kidogo kidogo, na yuko tayari kumpeleka mwenyewe akaandikishwe. Akaongeza, kwa adabu, kwamba huko hakuna sehemu ya mwajiri. Mtu anajiwekea yake tu.

Mama akaanza kukikunja kitambaa chake taratibu. Miaka yote ile kibandani, na nilimwona akifikiri kwamba hata huku atapata nusu tu.

"Sehemu ya mwajiri nitaitoa mimi," nikasema. "Kila mwezi, kiasi kile kile atakachoweka."

Mama hakuniangalia. Alimuuliza mhasibu, kwa sauti ya mtu anayejadili bei, kama hiyo itakayotoka kwa binti yake itakaa mwaka mzima ndiyo iwe yake, ama vipi.

"Hapana, mama," akasema. "Hiyo ni yako siku hiyo hiyo."

Mama akafungua kitambaa tena, akaanza kunyoosha noti moja moja juu ya meza.